Visu vya Tairi

Zaituni mwanangu,

Barua hii nimeificha ndani ya kiatu cha kulia, katika vile viatu vipya, kwa sababu ninakujua: hutavivaa mpaka ufike Kampala. Ulipokuwa mdogo viatu vya Idi ulikuwa unavibeba mkononi hadi mlangoni pa msikiti, miguu imejaa vumbi, ili soli isichakae. Binti wa fundi viatu, na hakuna mtoto Buyenzi nzima aliyekushinda kwa miguu michafu. Kwa hiyo utakapoisoma utakuwa mbali, na mimi sitauona uso wako. Nimepanga hivyo makusudi. Ni woga tu, sina jina jingine la kuupa.

Maji ya kuchemsha, sala kwa wakati, kutolala na simu sikioni: hayo mama yako ameshayasema, na kesho asubuhi atayarudia kwenye dirisha la basi mpaka dereva achoke. Mimi siyagusi. Nina jambo moja tu, nalo ni visu vyangu.

Ninakuandikia kibandani, alasiri imeshapita. Baba yako mdogo Hamisi ameketi upande wa pili wa meza anapaka gundi soli za mteja, na anajifanya hanioni. Vile vidole vyake vitatu vya mkono wa kulia vimenyooka kama siku zote. Wewe uliviita vijiti. Ulikuwa na miaka minane, ukivishika kimoja kimoja na kuvisalimia, "Kijiti, hujambo," naye anakuitikia kwa sauti tatu tofauti mpaka mnacheka wote wawili. Na unaikumbuka mashine yetu ya kukatia soli, ile tuliyokuambia ndiyo iliyoharibu vidole hivyo? Uliichukia. Mwaka mzima hukupita karibu nayo, na siku moja nilikukuta unaitupia mawe madogo madogo huku unalia.

Mashine ile haikumgusa Hamisi, Zaituni. Vilivyomponza ni visu vyangu vya mpira.

Najua utasema visu vya mpira havikati, na kwamba wewe mwenyewe umevishika miaka mitatu kwenye mazoezi ya klabu. Ndiyo maana nataka nikueleze tangu mwanzo.

Ilianza na mwiko. Metre Dezire, mwalimu wenu, alikuja kibandani na sandali iliyokatika mkanda, na katika kungoja akanisimulia kwamba vijana wa klabu yake ya Nyakabiga wanajifunza kujilinda na mtu mwenye kisu kwa kutumia mwiko wa ugali, na kwamba mwiko umeshampasua mmoja mdomo. Nikacheka. Pembeni nilikuwa na tairi kuukuu la kukatia makatambuga. Nikachukua kisu changu cha ngozi, nikamkatia kisu cha mpira pale pale, chenye mpini na ncha, nikakipaka rangi ya fedha. Nikajichoma nacho tumboni mbele yake. Kikapinda kama ulimi.

"Ona, Metre. Hii haiwezi kuumiza mutu."

"Ni nzuri, fundi. Lakini haipinde sana?"

"Njo uzuri yake. Unataka watoto ya watu warudi nyumbani na damu?"

Swali lake lilikuwa la mtu anayeijua kazi yake. Mimi nilimjibu kama mchuuzi anayetaka mzigo umtoke. Nikamkatia vingine kumi na viwili, na kila aliyepita kibandani nilimwonyesha. Nilijisifu, mwanangu, usifikiri sikujisifu. Miaka miwili hakuna kijana aliyepata hata mkwaruzo, nami nikadhani hicho ndicho kipimo cha kisu cha mazoezi, kwamba hakiumizi.

Hamisi alijiunga na klabu hiyo, akawa nyota yao. Alikuwa na mikono myepesi, unajua alivyokuwa anashona, sindano ikipita kwenye ngozi ngumu utadhani ni kanga. Kisu kikimjia, alikidaka kwa kiganja, akakipinda, akakinyang'anya. Watu wakapiga makofi. Aliyekuwa na kisu naye akasimama akacheka. Hakuna aliyejiuliza kwa nini kisu kinakubali kushikwa kwenye makali, na mwenye kisu anangoja. Mimi niliyekikata sikujiuliza pia.

Siku ile nilimtuma Hamisi mtaa wa Kanyosha kupeleka sandali za harusi. Jua lilikuwa linazama. Vijana wawili wakamsimamisha njiani, mmoja akatoa kisu cha jikoni, cha kawaida kabisa, cha kukatia vitunguu. Wakataka simu. Simu yenyewe kioo kilikuwa kimepasuka, tulikuwa tunamcheka kila siku kwamba hata mwizi akiiokota atairudisha. Hamisi aliniambia baadaye kwamba hakufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe. Alikidaka kile kisu vizuri, kama klabuni, mahali pale pale, na akasimama. Alikuwa kama anangoja makofi.

Yule kijana alivuta tu. Hakuchoma, hakupigana. Alivuta kisu chake kama mtu anayevuta kitu chake, na akakimbia. Hata simu hakuichukua.

Nilimkuta kwa daktari, mkono umefungwa kwa shati lake mwenyewe. Sitakuelezea zaidi, wewe unakwenda kusomea uuguzi na utayaona ya kutosha. Daktari akauliza, "Ameumia na nini?" Hamisi akafungua mdomo. Nikamtangulia.

"Mashine," nikasema. "Mashine ya soli."

Hamisi akanitazama. Nimeolewa na macho hayo miaka kumi na mitatu, kama wasemavyo wanawake wa hapa kwetu wakichoka na waume zao: hayaondoki nyumbani. Kisha akakubali, "Ego, ni mashine." Na uongo ukawa wetu wawili, ingawa aliyeuzaa ni mimi.

Utaniuliza kwa nini. Nimejiuliza mara nyingi kuliko utakavyoniuliza wewe. Niliogopa watu waseme fundi Yusufu amemkata ndugu yake kwa visu vyake. Niliogopa Metre asije tena. Niliogopa bibi yako, aliyekuwa hai bado, na aliyenikabidhi Hamisi mkononi akiwa na miaka sita. Hizo ndizo sababu, na ukizitazama hakuna hata moja inayomhusu Hamisi.

Nilijaribu kurekebisha kwa mlango wa nyuma. Nikaenda kwa jamaa wanaoyeyusha vyuma vyepesi vya magari kutengeneza masufuria, wakanimiminia visu viwili vya aluminiamu kwa kielelezo nilichochonga. Nikavipiga tupa siku mbili. Makali nikayafanya butu na mviringo, ncha nikaifanya duara kama ukucha wa mtoto. Kisha nikaenda kwenye maduka ya Asiatique kununua rangi ya midomo, nyekundu kabisa. Mwenye duka, mzee tunayesali naye, akanitazama juu ya miwani.

"Fundi, umeoa bibi ya pili na mi sikualikwe kwa pilau?"

"Ni ya kupaka kisu."

"Haya. Mutu na siri yake."

Klabuni nilimwambia Metre avae fulana nyeupe. Makali ya kisu nikayapaka ile rangi, nikampa kijana mmoja mgeni, asiyejua lolote, nikamwambia: mkimbilie Metre, chomachoma, na akikushika mkono vuta, usisimame. Mnajua nyote Metre alivyo hodari. Walipomaliza, fulana ilikuwa na mistari kila mahali. Mikono yake ilikuwa myekundu kuanzia kiwiko hadi vidoleni, na chini ya sikio palikuwa na mstari mmoja mrefu. Metre akaketi sakafuni akaanza kuhesabu mistari mwilini mwake, akaacha.

"Nimekufa mara ngapi leo, sha?" akaniuliza.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Mdomo ulikuwa wazi, jina la Hamisi liko kwenye ulimi. Nikasema, "Ni kujaribu tu, Metre," nikakusanya visu vyangu.

Kwa muda walitumia vile vya aluminiamu. Lakini vinaumiza mifupa ya mkono, na kila mtu anarudi nyumbani na michirizi myekundu, ameshindwa. Watu hawapendi kwenda mahali pa kushindwa. Vijana wakapungua, wazazi wakalalamika, na Metre akarudi kwangu kuomba vya mpira. Ili nimkatalie ilibidi nimpe sababu, na sababu nilikuwa nimeizika. Nikamkatia. Nimeendelea kuvikata miaka yote hii, Zaituni, na ulipojiunga na klabu, kisu ulichopewa siku ya kwanza nilikikata mimi.

Sasa Jumamosi iliyopita. Nilikuja klabuni kumletea Metre viatu vyake, nikasimama mlangoni. Ulikuwa katikati ya ukumbi. Kijana akakujia na kisu cha mpira, nawe ukakidaka kwa kiganja, karibu na ncha, ukakipinda, ukamnyang'anya. Wakapiga makofi. Ukaniona. Ukaniinulia kile kisu juu ukicheka, nami nikacheka, nikakuinulia dole gumba. Kisha nikatoka nje nikaketi kwenye jiwe karibu na muuza makaa. Ulidaka mahali pale pale alipodaka yeye. Mkono uliokwenda wenyewe Kanyosha, nimeuona tena kwako.

Tangu siku hiyo sijala vizuri, mama yako anadhani ni huzuni ya kuondoka kwako. Nimejaribu kukuambia mara tatu. Mara ya kwanza ulikuwa unapiga pasi. Mara ya pili nikaishia kukuuliza kama una soksi. Mara ya tatu wewe ndiye uliyenianza, ukaniambia wasichana wa hosteli wamekuandikia wanataka uwafundishe, kwamba mtakuwa mnatoka zamu za usiku na mnataka kujua la kufanya, na kwamba nikukatie visu kumi vya mpira maana ni vyepesi kwenye mzigo. Visu kumi. Nikasema, "Insha'Allah, mama," nikaenda msalani nikajifungia.

Hamisi alisikia. Juzi alitua brashi ya gundi, jambo asilolifanya kazi ikiwa mezani, akaniambia:

"Kaka, mi nilinyamaza kwa ajili yako. Ilikuwa mukono yangu, nikasema basi. Lakini sasa ni mukono ya Zai. Na ya wale wasichana wengine."

"We mwambie. Wewe anakupenda zaidi."

"Apana. We njo ulikata zile visu, we njo utasema. Mi nisimwambie mutoto mambo mbaya juu ya baba yake. We andika kama unaogopa. Lakini kama hauandike, siku ya basi mi nitavua gla na nitamuonyesha."

Gla ni glavu anayovaa nyakati za baridi, umeizoea. Ndani ya kiganja kuna kovu linalokatiza moja kwa moja. Mashine ya soli ingekata toka juu. Wewe utakuwa muuguzi, siku moja ungelitazama lile kovu na kujua kwamba baba yako ni mwongo. Afadhali ulijue kwa mkono wangu.

Basi, ndani ya begi, chini ya vitenge, utakuta visu vitatu badala ya kumi. Viwili ni vile vya aluminiamu. Nimevipaka rangi ya chungwa kuanzia mpini hadi ncha, kwa sababu nimeota mara mbili askari wa mpakani anafungua begi lako na kukudhania vibaya. Metre amekuandikia karatasi yenye muhuri wa klabu, iko pamoja navyo. Usivitoe mbele za watu, hata kwa mzaha. Na kabla ya kila mazoezi pitisha soksi nyembamba ya nailoni juu ya makali. Ikinasa hata kidogo, kisu kimepata jino, hakifai mpaka ukipige tupa. Mimi nilikuwa natumia soksi za mama yako, usimwambie.

Cha tatu ni cha mpira. Ni kile alichokuwa anatumia Hamisi mwenyewe, utaona mahali pa kidole gumba palivyochakaa. Mgeni umpe hicho siku za mwanzo, ajifunze kusogea bila kufumba macho, lakini kipake rangi ya midomo pande zote mbili, na mwenye kisu avute. Kila mara avute. Mtu akikidaka na viganja vyake vikawa vyekundu, usimpigie makofi. Mwonyeshe viganja vyake, halafu umsimulie habari za baba yako mdogo. Yeye ameruhusu, nimemuuliza.

Utakutana na watu watakaokuambia kisu cha kweli kilichofungwa utepe, au kilichofutwa makali, ndicho kinachofundisha vizuri. Toka katika chumba hicho. Utepe hulegea, na siku moja mtu huchanganya. Kabla ya kuanza, kila mmoja atoe mifuko yake nje, hata wembe wa kuchongea penseli. Vaeni miwani ya mafundi, ile ya plastiki angavu, maana ncha ya mpira nayo inatoboa jicho. Kisu cha mbao sikukupa. Nilivichonga kadhaa nikavitupa: havipindi, hilo ni jema, lakini vikigongana vinabanduka vibanzi, na sitaki nikuwekee kitu kingine chenye hila ndani yake.

Haya, nimesema sitakupatia maelekezo, na nimekujazia ukurasa. Ni hofu inayozungumza. Ninaogopa barabara usizozijua, ninaogopa saa utakazotoka kazini, ninaogopa kila kijana mwenye mkono mfukoni katika mji ambao sijawahi kufika. Lakini kuliko vyote ninaogopa ujasiri wako, kwa sababu nusu yake nimekupa mimi na ni wa bandia. Umeamini kwamba kisu hupinda.

Metre hufundisha mwishoni mwa somo, wakati watu wameshaanza kukunja mikeka na hakuna anayesikiliza, kwamba mtu mwenye kisu mpe simu, mpe mkoba, na ukipata upenyo kimbia. Wazee wetu walisema kunguru mwoga hukimbiza bawa lake, na sisi tuliusema huo msemo kwa kucheka. Hamisi alikuwa na upenyo siku ile. Barabara nyuma yake ilikuwa wazi. Alikuwa na mbio, tangu mdogo, hakuna aliyekuwa anamkamata. Alisimama kwa sababu miaka miwili alishinda akiwa amesimama.

Sijui utanionaje sasa. Ukitaka kunikasirikia, kasirika, una haki, na usiharakishe kunisamehe kwa kuwa ni mzazi. Kesho baada ya basi kuondoka nitakwenda Nyakabiga kumwambia Metre mbele ya vijana wake. Hamisi anasema atakuja nami, akae tu karibu. Nimemkosea mtu huyu kwa miaka kumi na mitatu, na bado anataka kukaa karibu.

Ameniuliza sasa hivi, bila kuinua kichwa, "Umefika wapi?" Nikamwambia nimefika kwenye viatu. Akasema, "Basi umemaliza."

Visu vyote vya mpira vilivyokuwa vimebaki kibandani, pamoja na kipande cha tairi nilichokuwa nimekitenga kwa vile kumi vyako, nimevikata upya. Viko chini ya viatu ulivyovishika. Ni mpira mzuri, Zaituni, haukuwa na kosa. Mahali nilipouweka ndipo palipokuwa pabaya. Nyuzi nimeshona mimi, mara mbili. Gundi amepaka Hamisi kwa vijiti vyake, na kiatu cha kushoto amekikandamiza mpaka kikakauka, hakutaka nimsaidie.

Usivibebe mkononi safari hii. Vivae leo, utoke mchana watu wakiwepo, ukimbie kwa nguvu zako zote hadi kwenye kona na urudi. Halafu unipigie simu, uniambie kama vinabana.

Baba yako,
Yusufu